Kupima Utofauti wa Vinasaba vya Pilipili Kali: Kutoka Gulioni hadi kwenye Jeli

Ukiingia Kongowea, Kariakoo au Darajani ukaomba pilipili kali, muuzaji atakuuliza: kichaa au mbuzi? Kichaa ni ile ndogo, nyembamba, inayosimama mtini ncha ikielekea juu. Mbuzi ni ya mviringo, ina mikunjo, na harufu yake hukufikia kabla ya ukali. Mama muuzaji huzitenga kwa mkono huku akizungumza na mteja mwingine, na kwa sehemu kubwa yuko sawa na mtaalamu wa mimea: kichaa nyingi ni Capsicum frutescens, na mbuzi ni Capsicum chinense.

Nimesema "nyingi" kwa makusudi. Ipo spishi ya tatu, Capsicum annuum, iliyozaa pilipili hoho na zile ndefu za kukausha na kusaga. Hiyo nayo ina aina zenye vitunda vidogo vinavyosimama wima, na gulioni huitwa kichaa vilevile. Mara yangu ya kwanza kukusanya mbegu nilirudi na bahasha kumi na mbili, zote zimeandikwa kichaa. Zilipotoa maua nikaona spishi mbili kabla sijagusa tyubu hata moja. Majina yenyewe nayo huhama: leo ukisema hoho Dar es Salaam au Nairobi, mtu anaelewa ile kubwa isiyowasha, ilhali katika kamusi za zamani pilipili hoho ni ile nyekundu inayowasha. Pilipili manga haimo kabisa katika ukoo huu. Ni Piper nigrum, mmea mtambazi wa asili ya India.

Kwa hiyo mwongozo huu, ambao nimemwandikia mwanafunzi wa uzamili, fundi wa maabara au mtunza mbegu anayeanza kazi ya viashiria vya DNA, utakaa muda mrefu shambani na mezani kabla ya kufika kwenye mashine. Kazi nyingi za aina hii huharibika mapema, siku sampuli inapochukuliwa bila swali, na mashine ikafanya kazi yake vizuri kabisa juu ya sampuli mbovu.

Hatua ya kwanza: andika swali lako kwenye karatasi

"Kupima utofauti wa vinasaba" ni jina la kazi. Swali ni jambo jingine, na kila swali linadai sampuli yake.

Unaweza kuwa na aina arobaini kwenye benki ya mbegu na unataka kujua zipi ni pacha zilizoingizwa mara mbili kwa majina tofauti. Hapo mimea mitatu hadi mitano kwa kila aina inatosha kuanzia. Unaweza kutaka kujua mbegu za mkulima mmoja wa Muheza zina mchanganyiko kiasi gani ndani yake. Hapo mimea mitatu haikuambii kitu; chukua ishirini au zaidi, kila mmoja na tyubu yake. Au wewe ni mzalishaji wa mbegu, unatafuta wazazi wawili walio mbali kinasaba ili upate chotara mzuri. Hapo unahitaji mistari iliyokwisha kutulia, yaani ambayo watoto hufanana na wazazi kizazi hadi kizazi, na takwimu za shambani pembeni.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kusaga majani ya mimea kumi pamoja ili kuokoa gharama, halafu kutaka kusema kitu kuhusu heterozigosi, yaani sehemu ya mimea yenye aleli mbili tofauti mahali pamoja kwenye DNA. Aleli ni sura mojawapo ya kipande kilekile cha DNA. Ukishachanganya majani, huwezi tena kujua kama aleli mbili unazoziona zimetoka kwenye mmea mmoja au mimea miwili. Kuchanganya kunakubalika pale tu swali lako ni la kulinganisha aina kwa aina, na ulisema hivyo tangu mwanzo.

Hatua ya pili: kukusanya

Anza na ruhusa. Mkulima aelezwe unachukua nini na utafanya nini nacho, akubali, na jina la mahali liandikwe kwa namna anayoitaka yeye. Kama mbegu au DNA itavuka mpaka, ujue kwamba pilipili haimo kwenye orodha ya mazao yanayobadilishwa kwa utaratibu rahisi wa mkataba wa kimataifa wa rasilimali za mimea za chakula na kilimo. Kwa hiyo utahitaji makubaliano ya nchi husika kwa misingi ya Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, inayohusu kupata rasilimali za vinasaba na kugawana faida zake. Ulizia mapema: Arusha kipo kituo cha taifa cha rasilimali za vinasaba vya mimea, na Kenya ipo taasisi ya kazi hiyo huko Muguga, chini ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la nchi hiyo. Vibali huchukua muda mrefu kuliko maabara.

Kisha amua unachukua nini: jani au tunda? Hapa wengi hawafikirii, na ni jambo kubwa. Jani la mmea unaouona ni la mama. Mbegu iliyo ndani ya tunda la mmea huohuo ni mtoto, na baba yake humjui. Pilipili hujichavusha yenyewe kwa kiasi kikubwa, lakini nyuki wanaipenda, na tafiti za mashambani zimepata uchavushaji wa mimea tofauti kuanzia chini ya asilimia 10 hadi zaidi ya nusu, kutegemea aina, wadudu na umbali wa mimea. Ukinunua tunda sokoni ukapanda mbegu zake, unapima kizazi kijacho pamoja na majirani wa shamba ambalo hukuliona. Hakuna ubaya, mradi uandike hivyo. Ubaya ni kuchanganya majani ya mashambani na miche ya mbegu za sokoni kwenye jedwali moja kana kwamba ni kitu kimoja.

Ukiwa shambani, piga picha ya ua. Ua husema kweli kuliko tunda. Annuum huwa na petali nyeupe safi, na kwa kawaida ua moja kwenye kila kifundo cha tawi. Frutescens ina petali zenye weupe wa kijani, kikonyo kimesimama, na tunda likiiva hutoka kwenye kikombe chake kwa kuvutwa kidogo tu. Chinense hutoa maua mawili au zaidi kwenye kifundo kimoja, na ukigeuza tunda lililoiva utaona mbano kama pete pale kikombe kinapoungana na kikonyo. Spishi nyingine mbili zilizofugwa, baccatum yenye madoa ya manjano au kijani kwenye petali, na pubescens yenye maua ya zambarau na mbegu nyeusi, ni nadra kwetu, lakini uzijue zisije zikakupita. Kwa vipimo vingine vya umbo ipo orodha ya sifa za Capsicum iliyotolewa mwaka 1995 na taasisi za utafiti za kimataifa za IPGRI, AVRDC na CATIE. Itumie hiyo, usibuni yako, ili data yako iweze kuongea na ya wengine.

Mwisho wa hatua hii, ongeza sampuli za kulinganishia. Omba mbegu zenye utambulisho unaojulikana kutoka benki ya mbegu, angalau moja ya kila spishi unayotarajia kuikuta, na moja ya baccatum iwe mgeni wa kulinganishia, nje ya spishi hizo tatu. World Vegetable Center, yenye makao makuu Taiwan na ofisi ya kanda Arusha, ina hazina kubwa ya Capsicum. Bila sampuli hizi, kundi lolote utakalolipata kwenye mti wa undugu, mchoro utakaouchora mwishoni, litakuwa kundi lisilo na jina.

Kila sampuli ipewe namba moja, namba hiyohiyo kwenye bahasha ya mbegu, tyubu, daftari na faili la picha. Andika kwa penseli. Wino wa kalamu nyingi hufutika ukiguswa na ethanoli, nami nimewahi kupoteza safu nzima ya tyubu kwa njia hiyo baada ya siku mbili za kazi.

Hatua ya tatu: jani na DNA yake

Chukua jani changa kabisa la juu, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba hadi mara mbili yake. Majani yaliyokomaa yamejaa sukari ndefu na polifenoli zinazoshikamana na DNA. Kama huna naitrojeni kimiminika shambani, na wengi hatuna, weka jani kwenye kibahasha cha karatasi ndani ya mfuko uliofungwa pamoja na silika jeli, uzito wa silika uwe angalau mara kumi ya jani. Likauke ndani ya siku moja, likivunjika kama karatasi. Usilianike juani: jani hugeuka kahawia, na DNA hukatika vipandevipande.

Unapotoa mbegu kwenye matunda vaa glavu na usiguse macho. Ukali hutengenezwa kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu, si ndani ya mbegu zenyewe, lakini mbegu hupakwa. Miche ya kichaa pia inataka subira. Mbegu zake huota polepole na bila mpangilio, mara nyingine wiki tatu au zaidi, na joto la nyuzi 25 hadi 30 husaidia.

Kutoa DNA, njia ya CTAB (aina ya sabuni inayopasua seli) iliyoenezwa na Doyle na Doyle mwaka 1987 bado inatosha, na kemikali zake hupatikana. Tengeneza bafa yenye CTAB asilimia 2, chumvi ya kawaida 1.4 M, EDTA 20 mM, Tris 100 mM ya pH 8.0, na PVP, inayoshika polifenoli, asilimia 2. Beta-merkaptoethanoli asilimia 0.2 huongezwa siku ya kazi tu, ndani ya kabati la kufyonza hewa, maana harufu yake ni kali na ni sumu.

Pasha bafa hadi nyuzi 65. Saga miligramu 20 za jani kavu, au 100 za jani bichi, hadi unga laini. Hapa usiharakishe, punje zisizosagika ni DNA uliyoiacha. Ongeza mikrolita 700 za bafa, weka kwenye maji ya nyuzi 65 kwa dakika 45, ukigeuza tyubu taratibu kila baada ya dakika kumi. Acha ipoe, ongeza kiasi kilekile cha klorofomu iliyochanganywa na isoamili alkoholi kwa uwiano wa 24 kwa 1, geuza taratibu dakika tano, kisha zungusha kwenye sentrifuji kwa mizunguko 12,000 kwa dakika, dakika kumi. Utapata tabaka tatu. Unalolitaka ni la juu, lililo wazi. Nyonya na uache sehemu ya chini yake kidogo. Tamaa ya kumaliza tone la mwisho ndiyo inayorudisha protini kwenye tyubu safi. Rudia mzunguko huu wa klorofomu mara ya pili. Mabaki ya klorofomu yana chupa yake, wala hayamwagwi kwenye sinki.

Kwenye maji safi uliyonyonya ongeza isopropanoli baridi theluthi mbili ya ujazo, geuza, weka nyuzi 20 chini ya sifuri kwa nusu saa, kisha zungusha tena. Kidonge kidogo kitakaa chini. Kioshe mara mbili kwa ethanoli ya asilimia 70, kikauke kwa dakika kumi hivi, kisha kiyeyushe katika mikrolita 50 hadi 100 za bafa ya TE. Malizia na RNase A, kimeng'enya kinachovunja RNA, nyuzi 37 kwa nusu saa.

Kitazame kidonge, maana kinasema. Kikiwa cheupe au kisicho na rangi, endelea. Kikiwa cha kahawia, polifenoli zimeoksidika: rudi kwa jani changa zaidi au ongeza PVP. Kikiwa kama ute wa bamia, hizo ni sukari ndefu. Pandisha chumvi ya bafa hadi 2 M na urudie.

Pima kwa spektrofotomita. Uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 kwa 280 uwe karibu na 1.8, na wa 260 kwa 230 ukaribie 2. Kisha usiiamini mashine hiyo peke yake, kwa sababu RNA nayo hufyonza mwanga uleule na kukuonyesha wingi usiokuwepo. Pitisha mikrolita mbili kwenye jeli ya agarosi ya asilimia 1. Mstari mmoja mzito juu maana yake DNA ni nzima. Ukungu unaoshuka hadi chini maana yake imevunjika. Zimua kila sampuli hadi nanogramu 20 kwa mikrolita kwa matumizi ya kila siku, na asili yake igandishwe.

Hatua ya nne: kuchagua viashiria

Kiashiria ni kipande cha DNA kinachotofautiana kati ya mmea na mmea, nasi tunakitumia kama alama ya utambulisho. Vipo vya aina nyingi, na nitasema wazi ninavyoviona.

RAPD, ya mwaka 1990, hunakili vipande vya DNA bila kuchagua; ni rahisi na haihitaji kujua chochote kuhusu jenomu, yaani DNA yote ya mmea. Lakini matokeo yake hubadilika kwa kubadilisha mashine, chapa ya kimeng'enya, hata fundi. Kwa kazi mpya siipendekezi. ISSR, inayonakili vipande vilivyo kati ya sehemu za marudio, ni imara zaidi na bei yake ni ileile ya chini. Udhaifu wake ni kwamba huonyesha kuwepo au kutokuwepo kwa kipande tu, kwa hiyo mmea wenye nakala mbili za aleli na wenye nakala moja huonekana sawa.

SSR, ambazo pia huitwa mikrosatelaiti, ni sehemu ambazo herufi mbili au tatu za DNA hujirudia mfululizo, GAGAGAGA, na idadi ya marudio hutofautiana kati ya mmea na mmea. Zinaonyesha aleli zote mbili, ziko nyingi, na za pilipili zimekwisha kuchapishwa kwa mamia. Utakutana na familia za majina kama Hpms, CAMS, EPMS na GPMS. Kwa maabara ndogo yenye mashine moja ya PCR, ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, na vifaa vya jeli, hizi ndizo ninazozishauri. Pilipili ina jozi 12 za kromosomu, basi tafuta viashiria viwili kwa kila kromosomu, vilivyo mbalimbali, upate 24.

Ukiwa na fedha zaidi, nenda kwenye SNP, yaani tofauti za herufi mojamoja, kwa maelfu. Jenomu ya pilipili ni kubwa, takriban herufi bilioni 3.5, na zaidi ya robo tatu yake ni marudio. Ilichapishwa mwaka 2014, ya kwanza ikiwemo ile ya pilipili ya kienyeji ya Mexico iitwayo Criollo de Morelos 334. Kwa ukubwa huo hakuna haja ya kusoma jenomu nzima ya kila mmea. Njia za kusoma sehemu tu, zinazotumia vimeng'enya vya kukata DNA, hupunguza gharama. Kwa njia hiyo timu ya kimataifa ilichambua sampuli 10,038 za benki za mbegu na kutoa matokeo mwaka 2021. Huna haja ya kununua mashine: unatuma DNA, unarudishiwa jedwali. Lakini kama hujawahi kusoma hata jeli moja ya SSR kwa macho yako, jedwali la maelfu ya SNP litakushinda kulihoji.

Onyo moja kuhusu SSR. Nyingi zilitengenezwa kutokana na annuum. Ukizipeleka kwa chinense au frutescens, mahali ambapo praima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha kunakili) inapaswa kushika huenda pamebadilika, na kipande kisitokee kabisa. Hiyo ni aleli bubu. Kabla ya kuagiza praima zote 24, jaribu kila moja kwa mimea michache ya kila spishi, na utupe zinazofanya kazi kwa spishi moja tu.

Hatua ya tano: PCR na jeli

Hapa hakuna siri. Mchanganyiko wa mikrolita 15: DNA nanogramu 20 hadi 40, praima 0.3 µM kila upande, dNTP (herufi za kujengea DNA) 0.2 mM, magnesiamu 2 mM, na kimeng'enya cha Taq nusu yuniti hadi moja. Nyuzi 94 kwa dakika nne. Kisha mizunguko 35 ya nyuzi 94, 55 na 72, sekunde 30 kila moja. Mwisho nyuzi 72 kwa dakika kumi. Ile 55 ndiyo ya kuchezea: vipande vya ziada vikitokea, panda nyuzi mbilimbili, kisipotokea kitu, shuka. Kila sahani, yaani seti ya tyubu zinazoingia mashineni pamoja, iwe na tyubu moja isiyo na DNA. Ikitoa kipande, sahani nzima imeingiliwa na uchafu, nayo hutupwa.

Agarosi ya asilimia 3 hutenganisha aleli zilizopishana kwa herufi kumi au zaidi. Zinazopishana kwa herufi mbili zinataka jeli ya poliakrilamaidi au mashine ya kapilari. Akrilamaidi ambayo haijaganda hudhuru neva, glavu haziepukiki. Etidiamu bromaidi, rangi ya kuonyesha DNA kwenye jeli, nayo ibadilishwe kwa rangi salama zaidi kama maabara yako inaweza.

Hatua ya sita: kusoma vipande

Kaa hapa. Ukitaka kujua kazi itaaminika au la, tazama jinsi jeli zilivyosomwa.

SSR huacha vivuli: chini ya kipande halisi huonekana vingine hafifu, kila kimoja kifupi kwa marudio moja. Hivyo ni makosa ya kimeng'enya wakati wa kunakili. Kipande chenye nguvu zaidi ndicho aleli. Ukiona viwili vyenye nguvu zinazokaribiana, huyo huenda ni heterozigoti, mmea wenye aleli mbili tofauti. Mmea mmoja hauwezi kuwa na aleli tatu mahali pamoja. Ukiziona, ama praima inashika sehemu mbili, ama tyubu imechanganyika.

Andika ukubwa wa aleli zote mbili, mfano 184/190. Usiharakishe kugeuza kila kitu kuwa 1 na 0. Ukifanya hivyo unaitupa faida uliyolipia kwa kuchagua SSR. Tofautisha pia "hakuna kipande" na "PCR haikufanya kazi". Rudia mara mbili kabla ya kuandika lolote, na nafasi tupu ibaki tupu. Ukiijaza sifuri, programu itadhani hiyo ni aleli na kuwakusanya pamoja mimea yote iliyofeli.

Wasomaji wawe wawili, kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Tangu mwanzo ficha ndani ya sahani marudio ya sampuli moja kati ya kila kumi, kwa namba nyingine. Marudio yasipolingana, umepata kiwango chako cha makosa, nacho kiandikwe kwenye ripoti.

Hatua ya saba: hesabu

Fanya kiashiria kimoja kwa mkono kabla ya kuiachia programu. Tuseme kina aleli tatu, na kati ya mimea yako zinatokea kwa uwiano wa 0.5, 0.3 na 0.2. Zidisha kila moja kwa yenyewe: 0.25, 0.09 na 0.04. Jumla ni 0.38. Toa kwenye 1, unapata 0.62. Huo ni utofauti wa jeni wa Nei, au heterozigosi inayotarajiwa kama mimea ingechavushana ovyo.

PIC, yaani uwezo wa kiashiria kutofautisha, hutoa kidogo zaidi. Chukua zile 0.25, 0.09 na 0.04, zidisha mbilimbili: 0.0225, 0.01 na 0.0036. Jumla 0.0361, mara mbili 0.0722. Toa kwenye 0.62: PIC ni 0.55 hivi. Kwa kipimo cha Botstein na wenzake cha mwaka 1980, zaidi ya 0.5 ni kiashiria chenye taarifa nyingi, na chini ya 0.25 kina taarifa kidogo. Lakini PIC ni ya sampuli zako. Kiashiria chenye 0.7 kwa mtu aliyechanganya spishi tatu kinaweza kuwa na 0.2 kwako wewe mwenye mbuzi peke yake.

Sasa hesabu heterozigosi halisi: mimea mingapi kweli ina aleli mbili tofauti? Tuseme ni 0.10. Gawa kwa 0.62, toa kwenye 1, unapata 0.84, kipimo cha upungufu wa heterozigoti. Namba kubwa namna hii ina maelezo matatu, nayo hayafanani. Huenda mimea hujichavusha. Huenda umeweka spishi mbili kwenye kapu moja, na upungufu wa heterozigoti umetokana na kapu hilo, jambo liitwalo athari ya Wahlund. Au aleli bubu zinakuonyesha homozigoti (mimea yenye aleli mbili zinazofanana) wasiokuwepo. Hesabu upya ndani ya kila spishi, kiashiria kwa kiashiria. Namba ikishuka ukitenganisha spishi, tatizo lilikuwa kapu. Ikipanda kwa viashiria viwili tu na vingine vimetulia, shuku praima.

GenAlEx hufanya hesabu hizi ndani ya Excel, na vifurushi vya adegenet na poppr vya R, programu ya takwimu, havilipiwi.

Hatua ya nane: mti, ramani na makundi

Kwa data ya SSR tengeneza jedwali la umbali kati ya kila jozi ya mimea. Kwa ISSR tumia kipimo cha Jaccard, ambacho hakihesabu "wote hawana" kuwa undugu. Kisha chora mti wa undugu. Njia ya UPGMA hudhani kila tawi limebadilika kwa mwendo mmoja. Njia ya Saitou na Nei ya mwaka 1987 ya kuunganisha majirani haidhani hivyo, nami huanza nayo. Rudia mti mara 1,000 kwa kuchagua viashiria upya kila mara, na tawi lisilotokea hata nusu ya marudio usilijengee hoja.

Mti wa kwanza, kama ulichanganya kichaa na mbuzi, utagawanyika kwa spishi. Huo si ugunduzi. Ni uthibitisho kwamba maabara imekwenda sawa, na kwamba zile bahasha zilizoandikwa kichaa zina annuum ndani yake. Kazi yenyewe huanza unapochambua upya kila spishi peke yake. Ndipo utaona kama mbuzi wa Pemba na mbuzi wa Tanga wanatengana, au mbegu husafiri na wafanyabiashara kiasi kwamba mahali hapana maana. AMOVA, uchambuzi wa kugawanya utofauti katika ngazi zake, itakupa kiasi cha utofauti kilicho kati ya mahali na kilicho ndani ya shamba moja.

STRUCTURE, programu ya Pritchard, Stephens na Donnelly ya mwaka 2000 ya kugawa mimea katika makundi, hupendwa na kila mtu. Itumie kwa hadhari. Hudhani mimea ndani ya kundi huchavushana ovyo, na pilipili haifanyi hivyo kikamilifu. Na kipimo cha Evanno cha kuchagua idadi ya makundi hakiwezi kamwe kukujibu "kundi moja". Weka pembeni yake uchambuzi wa PCoA, unaochora mimea kama nukta kwenye ramani kulingana na umbali wao, usiodhani hayo. Viwili vikikubaliana, una la kusema.

Ukikuta aina mbili zinalingana kwenye viashiria vyote 24, usitupe mbegu yoyote. Viashiria hivi vingi havihusiki na ukali, ladha wala kustahimili magonjwa. Jeni Pun1, ambayo ikiharibika pilipili haiwashi, ni sehemu moja tu ya jenomu yote hiyo, na mimea miwili inaweza kufanana kwingine kote ikatofautiana hapo. Zipande pamoja kitalu kimoja, msimu mmoja, uzitazame.

Kisha rudi kwa mkulima ukiwa na zile namba mbili na majina mawili aliyokupa. Muulize kwa nini anaziita tofauti. Huenda moja hukauka bila kuoza msimu wa mvua, au tunda lake hubanduka bila kikonyo na kumpunguzia kazi ya kuchuma. Jibu lake liandike kwenye safu ya daftari iliyo pembeni ya aleli, kwa maneno yake mwenyewe.